Mlikula Nini?

Mama alinipigia simu kuniambia kwamba Mama Mwikali amefariki huko kwao Ukambani, na sifa ya kwanza iliyomjia kinywani ni kwamba marehemu alikuwa mtu msafi. "Msafi kupita kiasi, mwanangu. Sufuria zake ungeweza kujitazamia uso." Nilisubiri aendelee, aseme lile lililobaki. Akahamia kwenye habari za gari la kwenda mazishini, nani anakwenda na nani goti linamsumbua, kisha akaniaga kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Nilikaa na simu mkononi, hasira imenipanda mpaka chakula kikanishinda. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwepo, na mwanamke huyu anayesifiwa leo kwa usafi ndiye tuliyemtoa kwenye ploti yetu kwa kumwita mchafu.

Ploti hiyo ilikuwa Chaani, Mombasa. Safu mbili za vyumba zilitazamana, katikati ukumbi mrefu wa saruji, mwisho wake choo na bafu vya sote, na mbele, kuelekea barabarani, nyumba ya mwenye ploti. Malori ya makontena yalipita nje mchana kutwa, na kila tulichoanika kilirudi ndani na vumbi. Baba alikuwa kibarua kwenye yadi ya makontena. Mama alishona katika kiwanda cha nguo na kurudi jioni vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu Kazungu, tukitoka shule, tulishukia kwa Mama Mwikali, mlango wa pili kutoka kwetu. Alikuja pwani na watoto wawili: Mwikali, rika langu, na mvulana mdogo mwenye kifua kibovu. Kando ya lango alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe.

Hakuna aliyekula pale kabla ya kuhojiwa.

"Kadzo, mikono hiyo imetoka wapi?"

"Shule, mama."

"Na huko shule ilishika nini?"

"Hakuna."

"Mikono haijui kukaa bure, mwanangu. Nenda kanawe, kisha uje uniambie tena hiyo hakuna."

Yeye mwenyewe alinawa mpaka viwiko, kwa sabuni ya mche, maji akijimiminia kwa kopo. Maharagwe yake yalifunikwa kitambaa cheupe kilichochemshwa kila Jumamosi. Nakumbuka harufu ya kitambaa kile kuliko harufu ya chapati zenyewe: harufu ya sabuni na jua.

Kilichotuchekesha kuhusu nyumba ile kilikuwa maji yao ya kunywa. Waliyachemsha, wakayaacha kwenye sufuria yenye mfuniko, na wakayanywa yakiwa bado vuguvugu, katika joto lile la Chaani ambalo chini ya mabati hata ukuta hutoa jasho. Mama Mwikali alisema maji ya baridi humkamata mwanawe kifuani, na kwao mlimani hawakuzoea. Mzee Karisa, bawabu wa bohari moja la mafuta aliyeishi peke yake chumba cha mwisho, hakumwachia hata siku moja.

"Mama Mwikali, maji ya moto mchana huu? Unajipika?"

"Najipika mwenyewe, mzee. Wewe ngoja upikwe na jua."

"Na chapati zako hizo, nikivaa mguuni si nafika Mariakani?"

"Meno huna, mzee. Usiisingizie chapati."

Ilikuwa kweli hana meno. Aliishi kwa uji na wali wa maji aliojipikia, na kwa kiburi chake cha mtu wa pwani hakupata kuonja chakula cha kibanda kile. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu wakubwa wote waliokuwapo walilijua na hakuna aliyelitumia.

Sisi wengine tulikunywa maji ya barafu. Mama Neema, mke wa mwenye ploti na kiongozi wa akina mama kanisani, alikuwa na friza barazani kwake. Alijaza maji ya mfereji kwenye mifuko ya plastiki, akaifunga fundo, na kufikia adhuhuri ilikuwa imekuwa mawe. Kutumwa barafu kulikuwa starehe. Uliubeba mfuko ndani ya kanga huku maji yakikutiririkia kifuani, ukafika, ukaubamiza ukutani hadi ukasikia ule mlio wa kuvunjika. Vipande vikubwa viliingia kwenye jagi. Vidogo vilikuwa ujira wa mbebaji. Nilikuwa nikiinua kipande kwenye mwanga na kumtazama Kazungu kupitia humo, jicho lake likiwa kubwa kama la samaki. Hapakuwa na vumbi, hapakuwa na unyasi. Katika ploti nzima sikujua kitu kilichokuwa safi kuliko barafu.

Nisijicheke peke yangu. Wakubwa nao waliamini vivyo hivyo, na walikuwa na hoja: nyama ya friji haiozi, maziwa ya friji hayachachi, basi ni mdudu gani atakayeishi ndani ya barafu? Ni hoja nzuri. Ilinichukua mpaka chuo kikuu kuelewa kwamba baridi humlaza mdudu, haimuui, na kwamba anaamka vizuri sana akishafika tumboni.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, gari lenye vipaza sauti lilipita likizunguka. Chemsheni maji ya kunywa. Naweni mikono. Tumieni choo. Mama alitii kama mtu aliyeapishwa. Kila alfajiri kabla ya kwenda kiwandani alichemsha sufuria kubwa, akasubiri ichemke sawasawa, akamwaga kwenye ndoo safi, akafunika. Nilijivunia kuwaambia wenzangu shuleni kwamba kwetu maji yanachemshwa. Sasa, maji yaliyochemshwa alfajiri katika chumba cha mabati, jioni bado yana moto wa mwili. Kwa hiyo jioni nilitumwa kwa Mama Neema, mfuko ukabamizwa ukutani, na barafu ya maji mabichi ikaingia kwenye maji tuliyoyachemsha kwa mafuta taa na kwa usingizi wa mama. Hivyo ndivyo kila chumba kilivyofanya. Isipokuwa kimoja.

Ninapowaza juu ya gari lile hukasirika hata leo. Walituambia la kufanya na maji yakiwa jikoni. Hakuna aliyejiuliza mtu wa Mombasa huyafanya nini akishayaipua.

Kazungu aliugua mchana, mama yuko kazini. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena, na mara ya tatu hakufika. Mama Mwikali aliacha chapati ikiungua akambeba. Alimpangusa, akamlaza upenuni, akachanganya maji na sukari na chumvi kidogo, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Akitapika, alingoja kidogo kisha akaanza upya. Macho ya Kazungu yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya vidole vyake ilikunjamana kama ya mtu aliyefua tangu asubuhi.

"Kadzo, kimbia yadini ukamwite baba yako. Usisimame kwa mtu."

"Atakufa?"

"Nimekwambia kimbia, sikukwambia uulize."

Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, ambako mahema yalikuwa yamesimamishwa uani. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Kesho yake walikuja wanaume waliovaa buti za mpira na pampu mgongoni, wakanyunyiza dawa chooni, ukumbini, kisha chumbani kwetu: kwenye godoro la Kazungu, kwenye nguo zake, hata kwenye begi lake la shule. Harufu ya klorini ilinichoma macho. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi nikajieleza mwenyewe: Kazungu amekufa, na hawa wanamfuta. Kila mahali alipogusa panafutwa ili asibaki. Nililificha shati lake moja nyuma ya debe la unga lisije likanyunyiziwa, nikashinda nalo hivyo mpaka mama aliporudi kutoka zahanati akanikuta nalia bila sauti. Akaniambia yu hai, ametundikiwa maji. Akaniambia kwa ukali, kana kwamba nilikuwa nimetukana.

Wagonjwa wengine walipatikana katika ploti yetu na ya jirani. Ndipo alipokuja bwana afya, kijana mwenye haraka, akasimama mlangoni kwa kila chumba na swali lile lile.

"Kabla ya kuugua, mlikula nini?"

Chapati na maharagwe. Chumba cha kwanza, chapati na maharagwe. Chumba cha tatu, mahamri asubuhi, jioni chapati. Kwetu, chapati za Mama Mwikali. Hakuna aliyedanganya. Tulikula pale kwa sababu sote tulikula pale, wazima kwa wagonjwa, mimi nikiwamo. Hakuna aliyeitaja barafu, maana barafu hailiwi, na maji kila mmoja alisema kwa fahari kwamba anachemsha. Nimesomea takwimu, na somo langu la kwanza nililipata pale ukumbini bila kulitambua: watu wakweli wakiulizwa swali lenye tundu, ukweli wote hupitia tunduni.

Bwana afya alifunga kibanda. Maharagwe yalimwagwa mtaroni, yale ya kitambaa cheupe, na mbuzi wa jirani akaja akayanusa. Mama Mwikali alisimama pembeni na upawa mkononi.

"Bwana, sufuria ni moja," alisema. "Wanangu hula humo kabla sijamuuzia mtu. Watazame hao. Kuna anayeumwa?"

Bwana afya alikuwa ameshageuka kwenda mlango mwingine. Lakini majirani walisikia, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo hunikera kuliko ugonjwa wenyewe. Ushahidi wa kumtoa kosani waliugeuza wa kumtia ndani. Mbona wao hawaumwi? Nyumba kadhaa zimeguswa, ya mpishi imeachwa? Wengine wakasema watu wa bara wana mambo yao. Walisema hivyo Wagiriama na Warabai, ambao mji mzima huwasema maneno hayo hayo ya uchawi. Kisha mtu akakumbuka kwamba Kazungu alikuwa amenyweshwa kitu kwa kijiko.

Kikao kilifanyika ukumbini Jumapili baada ya ibada, wakubwa kwenye viti, sisi watoto madirishani. Mama Neema ndiye aliyefungua kwa sala.

"Mimi sisemi mtu," alianza. "Mimi na Mama Mwikali tunaimba pamoja. Nasema tu, tujiulize."

"Tumejiuliza," akasema mwanamume wa chumba cha tatu. "Mke wangu yuko hemani. Mimi siwezi kulala ukuta mmoja na kitu nisichokijua."

"Wanijua miaka yote hii, Baba Dama," Mama Mwikali akasema. "Mtoto wenu nilimfunga nepi mimi. Leo mimi ni kitu?"

"Ulimnywesha nini mtoto wa watu?"

"Maji. Chumvi. Sukari. Kawaulizeni zahanati, wanampa hayo hayo."

"Zahanati wana kipimo. Wewe ulipima na nini?"

Mama Mwikali akamgeukia mama yangu. Niliiona shingo yake ikigeuka taratibu, na najua alichokuwa akikitafuta. Neno moja tu: kwamba huyu amemlea Kazungu, kwamba daktari alisema mtoto asingefika bila yale maji. Daktari alikuwa amesema hivyo. Baba alitusimulia tukiwa mezani, mama akiwapo. Lakini mama alitazama saruji.

"Mwanangu bado yuko kitandani," akasema. "Mimi leo sina maneno."

Mwenye ploti akasema kwa upole kwamba hamfukuzi mtu, ila kwa amani ya wote ingefaa apumzike mahali pengine kwa muda. Wiki ile ile Mama Mwikali alipakia vyombo kwenye mkokoteni, akafagia chumba, akakipiga deki mpaka kizingitini, akamkabidhi Mama Neema ufunguo. Mwikali aliketi juu ya magodoro na hakunipungia mkono. Niliamini wanarudi. Aliambiwa kwa muda, nami nikaamini kwamba mkubwa akisema kwa muda ana maana hiyo.

Ugonjwa haukuondoka naye. Kazungu alikuwa amesharudi nyumbani, mwembamba, akidai biskuti, Mzee Karisa alipoanguka. Walimkuta asubuhi hajafungua mlango. Mtu ambaye hakupata kuweka chapati ile mdomoni. Alipelekwa kwenye mahema na hakurudi, tukamzika kwao Kaloleni, na njia nzima sikumsikia mtu hata mmoja akisema: basi haikuwa chapati.

Safari hii alikuja afisa mwanamke, wa makamo, miguu imevimba kwa kutembea. Alipiga hodi kwetu, mama akamkaribisha kitini, na kabla ya maneno yoyote akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu hufanya kwa mgeni aliyetoka juani.

"Kadzo."

"Abee."

"Mletee mgeni maji. Ya ndooni, yaliyochemshwa," mama akasema, akihakikisha mgeni amesikia.

Nikaleta. Mama akachukua kipande cha barafu kwenye bakuli, akakitumbukiza glasini. Kikalia kwa kupasuka. Afisa alikuwa ameinua glasi nusu ya njia. Akaishusha, akaiweka mezani.

"Barafu hii mwaitoa wapi, dada?"

"Hapo mbele kwa Mama Neema. Barafu yake safi, utaona mpaka chini."

"Na nyumba nyingine za hapa?"

"Sote twachukua hapo. Na Mzee Karisa marehemu, maskini, alikuwa haachi. Hana meno lakini barafu ataimumunya kutwa."

Naikumbuka sura ya mama ilivyobadilika hapo, na nikaisoma vibaya: nilidhani ameona aibu kwa sababu mgeni amekataa maji yetu.

Afisa aliufuata mpira wa maji wa Mama Neema kutoka barazani hadi ulikounganishwa, na ulipita ndani ya mtaro, nyuma ya choo, umefungwa kwa vipande vya tairi mahali palipopasuka. Mfereji ukikatika, kama ulivyokatika karibu kila siku, bomba tupu hufyonza kilicho nje yake. Maji yakirudi, hukisukuma mbele. Afisa alieleza hayo kwa lugha nyepesi ambayo hata mimi niliielewa. Mama Neema alilia. Akapewa klorini, akaonyeshwa namna ya kuitumia, akabadilishiwa bomba, na akina mama wa kanisa wakaenda kumfariji. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyesema hawezi kulala ukuta mmoja naye. Walisema ni bahati mbaya, na kwamba Mungu ndiye ajuaye.

Jioni ile nikamuuliza baba, "Sasa Mama Mwikali atarudi lini?"

"Akitaka atarudi. Kwani alifukuzwa na nani?"

"Na nyinyi. Kikaoni."

"Kadzo, kula."

Chumba chake kilikuwa tayari kina mpangaji mwingine. Nilisikia kwamba alipika Mariakani kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kwao. Kipindupindu kimeshakuja na kuondoka pwani mara nyingi tangu hapo, na kila kinapokuja nasikia mtaa fulani umempata mtu wake: muuza samaki, mgeni, mwendawazimu anayelala sokoni. Dawa ya maji tumeijua. Mabomba tumejifunza kuyakagua, angalau kwa wiki mbili baada ya mazishi. Ugonjwa wa pili, ule wa kutafuta mtu kabla ya kutafuta njia uliyopitia ugonjwa, huo sijaona akija mtu na pampu mgongoni kuunyunyizia.

Mazishini tulifika asubuhi, na baridi ya mlima ikatufanya watu wa pwani tujikunyate. Mama Neema alikuja, mzee sasa, akaketi mstari wa mbele wa wageni. Wasemaji wa familia walipomaliza, msimamizi akaita majirani wa Mombasa, na mama yangu akasimama. Alisema vizuri. Alisema juu ya usafi, juu ya uimbaji, juu ya watoto wa ploti nzima waliokulia mkononi mwa marehemu. Nilimtazama mdomo. Kisha akasema, "Alipoona watoto wamekua, akatuaga kwa amani akaenda kutafuta maisha mbele," akawashukuru waliohudhuria, akaketi kando yangu.

Nikasimama kabla msimamizi hajaita mwingine.

"Kadzo, keti," mama akanong'ona. Alikuwa amenishika gauni. "Watu wamelia ya kutosha. Hayo yamepita."

Watu wakageuka kututazama. Mama Neema hakugeuka. Chini ya turubai la wafiwa Mwikali aliinua kichwa, mtu mzima mwenye mtoto mapajani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mkokoteni tunatazamana machoni.

"Mwache aseme, Mama Kadzo," akasema. "Hapa kijijini bado wanatuuliza kwa nini tulitoka Mombasa."

Mama akaliachia gauni langu.